Kioo kipya cha mbele na mvua za Dar: mwongozo kamili wa kukilinda kisivuje

Kioo cha mbele kikibadilishwa mchana na mvua ikanyesha jioni, mwenye gari hukimbilia turubai. Turubai lina kazi yake, lakini vioo vingi vinavyovuja masika havikuharibiwa na mvua ya usiku wa kwanza. Viliharibika saa chache kabla, gundi ilipowekwa juu ya bati lenye unyevu, au jasho la fundi lilipodondoka kwenye praima (dawa inayopakwa kabla ya gundi ili gundi ishike), au mlango ulipobamizwa gundi ikiwa bado laini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kioo kukaa na saa chache za mwanzo. Hapo ndipo kuna faida ya kuwa macho.

Gundi inavyoshika

Magari mengi tunayoendesha, IST, Vitz, Harrier, Noah na kadhalika, yana kioo cha mbele kilichogandishwa kwenye fremu ya bati kwa gundi nyeusi ya yurethani. Gundi hii haikauki kama rangi ya ukuta. Inaiva kwa kunyonya unyevu ulio hewani. Kwanza inatengeneza ganda juu, kisha inaiva taratibu kuelekea ndani, na kwa gundi za kawaida ni milimita tatu hadi nne hivi kwa saa 24. Ndiyo maana ganda likishikika kwa kidole haina maana kwamba ndani kumeshika.

Hewa ya Dar, yenye joto na unyevu mwingi karibu mwaka mzima, inaifaa sana gundi ya aina hii. Inaiva haraka kuliko ingeiva mahali pa baridi na pakavu. Lakini unyevu wa hewani ni kitu kimoja na tone la maji ni kitu kingine. Tone likinaswa kati ya gundi na bati linaizuia gundi kugusa bati, na gundi inapokutana na maji mengi kwa mara moja hutoa vipovu vya gesi. Ukiikata baadaye unaikuta ina matundu kama sponji. Matundu hayo yakiungana ndiyo njia ya maji.

Kuna magari ambayo kioo chake hakina gundi kabisa, kinashikwa na mpira mnene unaozunguka: Land Rover Defender za zamani, Land Cruiser za 70 na baadhi ya malori. Hayo hayana saa za kusubiri gundi iive. Adui yao ni mpira uliokakamaa kwa jua. Ukibadilisha kioo bila kubadilisha mpira uliopasukapasuka, umenunua uvujaji. Maelezo yanayofuata ni ya vioo vya gundi.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Kama kioo kimepata ufa tu na bado unaona mbele vizuri, chagua siku. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hata katika miezi hiyo zipo siku kavu mbili tatu mfululizo. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya jana yake, na upange kazi ianze asubuhi, ili saa nyingi za kuiva zipite kabla ya usiku.

La muhimu kuliko siku ni paa. Ukifika gereji, tazama mahali gari litakapowekwa. Mwavuli mkubwa au kivuli cha mwembe havitoshi, kwa sababu mti unaendelea kudondosha maji dakika ishirini baada ya mvua kukatika. Unataka bati juu, na ukuta au turubai upande upepo unakotokea. Kama gereji haina, lipia fundi nauli aje nyumbani kwako penye banda. Nauli hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kapeti lililooza.

Kisha omba kuiona gundi kabla haijafunguliwa. Soma vitu viwili kwenye tyubu: jina la aina, ambalo linapaswa kusema ni ya vioo vya magari, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Yurethani kwa kawaida haimalizi zaidi ya mwaka dukani, na ikikaa kwenye stoo yenye joto inaharibika mapema zaidi. Iliyochoka utaijua ikitoka: inahitaji nguvu nyingi kusukumwa, inatoka na mabonge, au inakatika vipande badala ya kutoka kama uji mzito. Gari dogo hutumia tyubu moja ya mililita 300 hivi. Gari la familia kama Noah au Hiace linahitaji mbili, au mfuko mmoja wa mililita 600. Fundi aliyekuja na tyubu moja kwa ajili ya Hiace atainyoosha gundi iwe nyembamba, na kioo kitakuwa na mapengo.

Kama gari lako lina kamera iliyo nyuma ya kioo, kama Subaru zenye EyeSight, uliza mapema nani ataipanga upya baada ya kioo kubadilishwa. Si suala la mvua, lakini mfumo wa breki unaoitegemea kamera hiyo hauwezi kuaminiwa kabla haijapangwa.

Hatua za kazi, na cha kutazama

1. Kabla kioo hakijatoka, fundi aweke alama kwa tepu mahali wipa zinapolala, kisha atoe wipa na ile plastiki ndefu iliyo chini yake. Chini ya plastiki hiyo kuna mfereji unaopokea maji yote ya kioo. Katika magari yanayolala chini ya mwarobaini au mkwaju utakuta majani yameoza yakawa udongo mweusi. Yatolewe yote kwa mkono, na matundu ya pembeni ya kutolea maji yazibuliwe kwa waya laini. Fanya hivyo sasa, kwa sababu plastiki hiyo haitafunguliwa tena karibuni.

2. Kioo cha zamani kikatwe bila kuchuna rangi ya fremu. Gundi ya zamani isitolewe yote. Iliyoshika vizuri inapunguzwa kwa kisu hadi ibaki milimita moja au mbili, maana gundi mpya hushika juu ya ya zamani iliyokatwa sasa hivi kuliko juu ya kitu kingine chochote. Fundi anayekwangua hadi bati ling'ae anakuharibia.

3. Tazama fremu nzima kwa tochi. Penye mchubuko pawekwe praima ya bati. Penye kutu pakwanguliwe hadi bati safi, ndipo praima. Kwa wakazi wa Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na kote ambako upepo wa bahari unafika, mchubuko usiowekwa praima huanza kutu ndani ya majuma, na gundi iliyoshikilia kutu inabanduka pamoja nayo.

4. Kukausha. Kama gari limekuja na mvua, maji yamejificha kwenye mikunjo ya bati, kwenye kona za chini na nyuma ya mpira wa dari. Pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, puliza kwa kompresa yenye hewa kavu, subiri dakika kumi, pangusa tena. Kompresa ambayo haijatolewa maji kwenye tangi lake inapuliza ukungu. Mwambie fundi afungue koki ya chini ya tangi kwanza.

5. Ukingo mweusi wa kioo kipya usafishwe kwa spiriti safi au dawa iliyokuja na gundi. Petroli na thina zisitumike, maana zinaacha utando wa mafuta usioonekana. Dawa ya kung'arisha matairi au dashibodi isipulizwe karibu. Baada ya kusafisha, ukingo huo usiguswe kwa mkono mtupu.

6. Praima ya kioo ipakwe mara moja, kwa mkupuo, na iachwe ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, hasa mwezi wa Machi wakati joto linakaba: fundi ameinama, jasho linatiririka usoni, na tone moja linaangukia praima. Linaacha duara dogo jeupe lisilong'aa. Pakiachwa hivyo, gundi haitashika pale. Apanguse, akaushe, apake tena. Mpe taulo kabla hajaanza.

7. Gundi itoke kwenye ncha iliyokatwa umbo la V, isimame kama pembetatu yenye kimo cha milimita 10 hadi 12, bila kukatika. Mahali mwanzo na mwisho wa mstari vinapokutana pawe kwenye sehemu iliyonyooka, pasiwe kwenye kona, na vipandane kidogo. Maunganisho mabaya ni chanzo cha kawaida cha uvujaji wa kioo kipya.

8. Kioo kiwekwe upesi. Kwa hewa ya Dar ganda linaanza kujitengeneza mapema, na gundi yenye ganda haigandi tena kwenye kioo. Usizidishe muda ulioandikwa kwenye tyubu, na mchana wa unyevu mwingi usiusogelee hata mwisho wake. Watu wawili, vishikio vya kunyonya kioo, kioo kishuke moja kwa moja mahali pake. Kukiteleza huku na huku kunausambaza mstari na kuacha mapengo.

9. Kikandamizwe kwa viganja pande zote, kisha tepu za karatasi nne hadi sita zivutwe kutoka kwenye kioo kwenda kwenye dari na nguzo. Kazi ya tepu ni kuzuia kioo kisishuke na mpira wa pembeni, ule utepe unaofunika pengo kati ya kioo na bodi, usinyanyuke. Maji hazizuii.

Mvua ikikuta kazi katikati

Kama kioo kimetoka na gundi haijawekwa, funika uwazi kwa nailoni, subiri iishe, kausha upya kama hatua ya nne. Praima iliyolowa ikaushwe na kupakwa tena.

Kama gundi imeshawekwa na matone yameiangukia kabla kioo hakijakaa, hapa fundi atataka kuokoa gundi kwa kuipuliza na kubandika haraka. Kataa. Gundi yote iliyopata maji ikwanguliwe, pakaushwe, iwekwe mpya. Ni hasara ya tyubu moja. Kukubali ni hasara ya kioo kizima, kwa kuwa kukitoa tena bila kukivunja ni kazi ngumu.

Kama kioo kimeshakaa na kukandamizwa, tulia. Mvua ya kawaida inayoteleza juu ya mpira haitaiosha gundi iliyobanwa kati ya kioo na bati. Sogeza gari chini ya paa kama lipo hapo hapo, kwa kulisukuma taratibu. Kama halipo, liache lilivyo.

Saa ya kwanza hadi saa ya ishirini na nne

Kila gundi ina muda wa chini wa kusubiri kabla gari halijaendeshwa. Zipo za nusu saa, zipo za saa kadhaa, na umeandikwa kwenye tyubu. Kwa magari yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali) baadhi ya tyubu huandika muda mrefu zaidi, tumia huo. Katika magari mengi eabegi ya abiria inafunguka kuelekea juu, inagonga kioo ndipo inamgeukia mtu. Gundi mbichi itaachia, kioo kitatoka, na eabegi itakosa pa kuegemea. Muda huu unalinda uhai, kwa hiyo usimruhusu mtu aufupishe kwa sababu ya foleni.

Ukiondoka, shusha dirisha moja la nyuma upana wa kidole, upande usiopigwa na upepo wa mvua, na liache hivyo siku nzima. Sababu ni hewa. Gari likiwa limefungwa kabisa ukabamiza mlango, utasikia masikio yanazibuka kidogo. Hewa hiyo hiyo inakisukuma kioo nje. Milango ifungwe kwa kusukumwa taratibu, buti vilevile, na watoto waambiwe kabla hawajashuka.

Njia ya kurudi nyumbani ichague kwa matuta. Barabara za ndani za Goba, Kivule au Chanika zilizochimbika kwa mvua zinaipinda bodi ya gari, na fremu ikipindika kioo hakipindiki nayo. Nenda polepole, vuka shimo kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja badala ya moja moja. Kwenye barabara pana ya Kimara kwenda Kibaha usizidi kilomita 60 kwa saa siku hiyo, maana upepo wa mwendo unakivuta kioo kwa nje. Kama maji yamejaa Jangwani, usijaribu kupita. Wimbi la maji linaloingia chini ya boneti linapanda hadi kwenye mfereji wa wipa kwa nguvu ambayo mvua ya juu haina.

Egesha sehemu tambarare. Gurudumu moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, bodi imejipinda usiku kucha na gundi inaiva katika hali hiyo. Chini ya mnazi usiegeshe.

Kuhusu kufunika. Paa likiwepo, usifunike chochote. Lisipokuwepo, funga turubai kwa kamba juu ya gari, kati ya ukuta na nguzo, likiwa na mteremko wa kumwaga maji pembeni, lisiguse gari. Turubai lililolazwa juu ya kioo linapigwapigwa na upepo, linakokota mpira wa pembeni na kubandua tepu. Nailoni iliyofungwa kwa gundi kuzunguka kioo chote ni mbaya zaidi: inazuia hewa ambayo gundi inaihitaji, na ukiibandua inaondoka na mpira.

Wipa zinaruhusiwa mvua ikinyesha, usalama kwanza. Lakini wipa za zamani zimekaa zikikusanya mchanga na chembe za kioo kilichovunjika. Weka raba mpya, au angalau zioshe kwa maji ya sabuni, la sivyo utachora upinde wa mikwaruzo kwenye kioo chenye umri wa siku moja.

Siku zinazofuata

Tepu zitolewe baada ya saa 24, kwa kuvutwa pole pole na kulazwa karibu na bati. Usiziache wiki nzima, jua la Dar linazioka na zinaacha gundi yake kwenye rangi. Stika, iwe ya usalama barabarani au nyingine, zibandike baadaye pia, mbali na ukingo.

Mashine ya presha ndiyo hatari kubwa kuliko mvua yoyote ya masika. Kijana anayeosha magari hana habari kwamba kioo ni kipya, naye ataelekeza ncha kwenye mpira wa pembeni akitoa mchanga. Kwa saa 72 osha kwa ndoo na sifongo tu. Baada ya hapo mwombe akae umbali wa nusu mita kutoka kwenye kingo.

Kupima kabla mvua haijakupimia

Siku ya pili au ya tatu, pima mwenyewe. Toa mazulia ya miguuni, bana tishu kavu kwenye kona za chini za kioo kwa ndani na pembeni mwa nguzo. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Wa nje achukue mpira wa maji bila ncha ya kubana, maji yamiminike tu, aanzie chini ya kioo dakika tano, kisha pembeni, mwisho juu. Ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Kama maji hayapatikani, fanya hivi: funga madirisha yote, washa feni ya gari mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha paka povu la sabuni kuzunguka kioo kwa nje. Penye tundu povu litachemka vipovu vidogo mfululizo.

Kabla hujamlaumu fundi, hakikisha ni kioo. Kapeti la abiria likilowa siku isiyo na mvua, huenda ni bomba la kutolea maji ya AC limeziba, na kwa joto letu AC inatoa maji mengi. Likilowa baada ya mvua, na maji yanatoka nyuma ya dashibodi katikati, shuku ule mfereji wa wipa umeziba na maji yamefurika hadi kwenye tundu la kuingizia hewa. Maji ya kioo kwa kawaida huteremka kwenye nguzo na kutokea kona ya juu ya kapeti. Katika magari mengi kisanduku cha fyuzi kiko hapo hapo, kwa hiyo usisubiri wiki.

Ukithibitisha ni kioo, rudi kwa fundi na umwoneshe mahali hasa. Tundu dogo linafungwa kwa kuinua mpira wa pembeni, kukausha kabisa, praima, na yurethani ileile. Pengo refu lina dawa moja tu, kutoa kioo na kuanza upya. Usikubali silikoni. Ile yenye harufu ya siki inakula bati, na penye silikoni yurethani haishiki tena, hivyo fundi atakayefuata atakuwa na kazi ya kuikwangua yote. Kama silikoni ilishapakwa, mwambie waziwazi kabla hajafungua tyubu yake.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, inua kapeti pande zote mbili, ingiza mkono hadi kwenye sponji ya chini. Juu panaweza kuwa pakavu huku chini sponji imeshiba maji.